Kiu ya Paka wa Isamilo

Nusrat alimkuta paka wake amekufa barazani asubuhi ya Jumatano, kabla jua halijapanda juu ya mawe ya Isamilo. Yasmini alikuwa amelala ubavu kando ya beseni la maji, manyoya yake marefu meupe yameloa upande mmoja, kana kwamba alikuwa anakunywa na shingo ikachoka. Polisi walipofika walikuta bakuli lake la chakula karibu na mlango, na juu ya chakula punje za rangi ya waridi ambazo kila mwenye nyumba Mwanza anazijua. Sumu ya panya.

Kufikia saa tatu, Dorotea, dada wa kazi wa nyumba hiyo, alikuwa mahabusu.

Kituoni jambo hilo liliwachekesha wengi, maana si kila siku mtu anawekwa ndani kwa ajili ya paka. Mkuu wa kituo hakucheka. Nyumba ile ilikuwa na mtoto, Mwaija, mjukuu wa Nusrat, ndiyo kwanza anajifunza kutembea na kila anachookota anakitia mdomoni. Nusrat mwenyewe alisimama mbele ya kaunta na kusema leo paka, kesho mjukuu wangu. Mkuu wa kituo akaagiza jalada liwe tayari kwenda mahakamani kesho yake asubuhi, akamkabidhi Sajenti Wilhelmina.

Wilhelmina alikuwa mtu asiyeweza kukaa. Alisoma majalada amesimama, alikunywa chai amesimama, na kiti chake kilitumiwa na wenzake kutundikia makoti. Siku hiyo hali ilikuwa mbaya zaidi. Hewa ilikuwa nzito, wadudu wa ziwani wamejazana kwenye wavu wa dirisha mpaka chumba kimeingia giza, na kuna kitu kilimkereketa tangu alipoletewa lile bakuli. Lilikuwa limejaa. Lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, chakula kimelala sawasawa, hakuna mahali palipoguswa na ulimi.

Akapiga simu Isamilo, akamwomba Nusrat asimzike paka. Nusrat akamjibu kwamba shimo linachimbwa sasa hivi, mzee Alexander, aliyempatia paka huyo, amesema mnyama aliyekufa kwa sumu hacheleweshwi.

"Mwambie aache jembe," Wilhelmina alisema. "Natuma mtu kumchukua."

Kisha akashuka mahabusu.

Dorotea alikuwa mwanamke wa makamo, mwili mdogo, mikono imechubuka kwa sabuni. Hakuwa analia. Aliinuka, akamsalimia afande, na kabla hajaulizwa chochote akauliza yeye kama Mwaija amekunywa uji, kwa sababu asubuhi ile walimchukua wakati uji bado uko jikoni. Wilhelmina akasema hajui. Ilimuuma kidogo kwamba hajui.

Akamuuliza kuhusu maneno ambayo Nusrat ameyaandikisha, kwamba juzi, mbele ya watu, Dorotea alisema bora paka yule afe.

"Nilisema, afande."

"Kwa nini?"

"Kwa mikojo. Tangu mwezi uliopita alikuwa anakojoa kila mahali. Kwenye mkeka, kwenye viatu vya mama, kwenye godoro la mtoto. Nafua, naanika, narudi nakuta tena. Siku ile nilikuwa nimefua mara tatu. Nikasema bora ufe nipumzike. Nilikuwa nimechoka, sikuwa na nia."

"Na jana usiku ulimpa nini?"

"Sangara, kama siku zote. Nachemsha bila chumvi, natoa miiba. Hakula, nikamwaga. Alikuwa hali tena, afande. Siku hizi ilikuwa maji tu. Nikijaza beseni asubuhi, mchana limekauka. Nilimwambia mama, mama akampigia simu yule mzee anayezalisha hawa paka, akasema ni joto."

Wilhelmina akamwuliza kama kuna mtu mwingine nyumbani aliyekuwa na ugomvi na Yasmini. Hapo Dorotea alitabasamu kwa mara ya kwanza. Alisema hata hilo jina paka mwenyewe hakulijua. Mama mmoja ndiye aliyemleta ndani ya kapu, bado mdogo, na alikuwa anamwita Kulwa. Nusrat alihangaika na Yasmini wake miaka yote, lakini ukitaka paka aje lazima uite Kulwa.

Wilhelmina alipofika mlangoni Dorotea alimwita.

"Afande, kesi ya paka nitaibeba. Lakini mama amesema nilitaka kumuua Mwaija. Mtoto yule nimemlaza mgongoni tangu ana wiki. Hilo likiandikwa mahakamani, hata nikishinda, nani atanipa mtoto wake tena?"

Sajenti aliufunga mlango. Alipanda ngazi kwa haraka kuliko alivyoshuka.

Nyumba ya Nusrat ilikuwa imejengwa katikati ya mawe makubwa, moja limeingia mpaka ndani ya ua na watu wa nyumbani wanaanikia nguo juu yake. Nusrat alimpokea macho yamevimba. Alikuwa mama wa mjini, mpole, mwenye heshima zake, na aliposhikwa na woga wa mjukuu wake upole wote ulikuwa umemtoka. Wilhelmina akamwomba aeleze asubuhi ile polepole.

Alieleza. Alitoka kuswali alfajiri, akafungua mlango wa baraza, akamwona. Akapiga kelele. Dorotea akaja mbio kutoka jikoni, wakasimama wote wawili hawajui la kufanya. Akampigia simu mzee Alexander kwa sababu ndiye anayejua mambo ya paka, naye hakuchelewa, anakaa upande wa pili wa kilima. Mwaija akaamka analia, Dorotea akaenda kumchukua. Nusrat akaingia kutafuta khanga ya kumfunika paka. Aliporudi ndipo wakaona ile sumu kwenye bakuli. Mzee akamwambia apigie polisi, maana jambo hili si la kunyamazia.

"Wewe uliliona bakuli kabla ya kwenda kutafuta khanga?"

Nusrat akafikiri. Alisema alikuwa anamtazama paka tu.

"Na chakula kilichokuwamo ulikitambua?"

"Samaki."

"Samaki gani, mama?"

Wilhelmina alikuwa ameshalichungulia bakuli lile zaidi ya mara moja. Ndani kulikuwa na dagaa waliochemshwa na kupondwa pamoja na ugali. Nusrat aliposikia dagaa akakunja uso. Nyumba hii, alisema, dagaa hawaingii. Mume wake marehemu hakuweza hata harufu yao, na yeye mwenyewe amezoea hivyo. Dorotea akiwatamani huenda kuwala kwa dada yake, kule mtaa wa Nyakato.

Kwa hiyo chakula kilitoka nje ya nyumba. Wilhelmina akatoka barazani, akatazama ukuta, na ng'ambo ya ukuta akasikia bata.

Bata walikuwa wa Lukman, jirani, na Lukman alikuwa mtu wa kutiliwa shaka kuliko hata sajenti alivyotarajia. Hakuficha kwamba alimchukia Yasmini. Paka yule alikuwa amekojolea magunia yake ya chakula cha bata mara mbili, wakapelekana mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Alipoombwa kufungua stoo akafungua kwa kiburi, na pale juu ya rafu kulikuwa na pakiti ya sumu ya panya, ya rangi ileile, imeshachanwa. Chini yake gunia la dagaa.

"Haya, nifunge pingu," Lukman alisema. "Na ukimaliza kwangu uendelee na mtaa mzima, maana kila nyumba ina pakiti kama hiyo."

Askari aliyefuatana na Wilhelmina alikuwa tayari kufanya hivyo hivyo alivyoambiwa. Sajenti alimzuia. Aliingiza mkono kwenye gunia, akatoa konzi ya dagaa, akawatawanya kiganjani. Walikuwa dagaa wa mifugo, wamechanganyika na mchanga na magamba, na wote wana vichwa. Anayelisha bata hakai chini kutoa dagaa vichwa mmoja mmoja. Dagaa wa kwenye bakuli walikuwa wasafi, wameoshwa, na hakukuwa na kichwa hata kimoja. Wilhelmina aliwamwaga wale wa gunia, akamshukuru Lukman, akaondoka bila kumweleza kitu, na Lukman alibaki amekasirika zaidi kuliko kama angefungwa.

Mchana simu ya Dokta Pius, aliyepelekewa paka ampasue, ilimkuta njiani, akaenda. Pius alikuwa daktari wa mifugo, mikono yake imezoea ng'ombe, na alimkaribisha sajenti huku anacheka kwamba leo amepasua mgonjwa anayeingia kwenye kapu la sokoni. Alipofunua meza aliacha kucheka.

Tumbo la Yasmini lilikuwa tupu. Sumu ile ya punje za waridi, Pius alieleza, huua polepole, na inamfanya mnyama avuje damu kwa ndani. Hapa hakukuwa na tone la damu mahali pasipotakiwa. Kisha akamwonyesha figo. Zilikuwa kubwa kupita kiasi na zimejaa mabonge. Akatoboa bonge moja kwa kisu, yakatoka maji.

"Vifuko vya maji," alisema. "Anazaliwa navyo vidogo, vinakua naye. Mwishowe figo haibaki, vimebaki vifuko tu. Ndiyo maana alikuwa na kiu isiyokatika, anakojoa ovyo, chakula hakitaki. Hakuna aliyemuua huyu."

"Kwa hiyo ni ugonjwa."

"Ugonjwa wa ukoo. Hawa paka wa manyoya marefu wanaupata sana. Mzazi mmoja tu akiwa nao anatosha, karibu nusu ya watoto wanarithi. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, swali si huyu aliyekufa. Swali ni ndugu zake wako wapi na wanazalishwa na nani."

Wilhelmina alizunguka meza ile akaizunguka tena. Paka amekufa kwa figo. Halafu mtu ameleta chakula chenye sumu na kukiweka mbele ya mnyama ambaye ameshakufa. Huyo hakutaka kuua. Alitaka watu waseme sumu, na wakishasema sumu, hakuna atakayempasua paka kuangalia figo.

Alirudi kumchukua Nusrat ampeleke kwa mzee Alexander, na Nusrat akasema vizuri, hata yeye alikuwa anajiandaa kwenda huko. Asubuhi ile ile, wakati wa kumpa pole, mzee alikuwa ameahidi kumpa mtoto wa paka mwingine bila malipo. Mtoto wa Sultan, dume lake lenye sifa.

Nyumba ya Alexander ilikuwa safi mpaka mtu anaona aibu kuingia na viatu. Mwenyewe alikuwa mzee wa Bukoba, mwalimu mstaafu, sauti ya chini, shati limenyooka, na mjini watu wakubwa walimjua kwa jina. Wilhelmina akamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akawaketisha. Yaani akamketisha Nusrat. Sajenti alisimama dirishani.

Kutoka pale aliweza kuona ua wa nyuma. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda na ungo mapajani, anachambua dagaa. Anashika mmoja, anabonyeza kichwa kinatoka, anatupia mwili kwenye sufuria. Kando yake paka mkubwa mweupe, mwenye uso bapa na macho ya rangi ya asali, alikuwa anangoja.

Alexander alikuwa anaendelea kuomboleza. Alisema inauma, hasa kwa kuwa Yasmini hakuwa hata wa ukoo wa paka wake. Alimwagiza kutoka Nairobi kwa heshima ya mama Nusrat, damu nyingine kabisa. Sultan yeye ni wa hapa, mama yake alikuwa wa hapa.

"Doto!" yule mama wa uani aliita. "Doto, toka kwenye sufuria!"

Paka mweupe akarudi nyuma.

Wilhelmina alitulia. Nusrat alisema baadaye kwamba ndiyo mara ya kwanza siku ile kumwona amesimama kweli, mguu haumchezi. Usukumani mapacha wakizaliwa wa kwanza anaitwa Kulwa na wa pili Doto, na hakuna mtu atakayempa mtoto jina la Doto kama hakutanguliwa na Kulwa. Alifungua mlango wa nyuma, akamsalimia yule mama, ambaye alijitaja kuwa ni Mhoja, mtunza paka wa mzee, akamwuliza kwa upole Kulwa wake yuko wapi.

"Kulwa tulimpeleka kwa mama Nusrat, zamani," Mhoja alijibu, mikono haikuacha kazi. "Walizaliwa wawili tu, yeye na huyu Sultan wenu, humu ndani, nimewapokea mimi. Vipi, hajambo? Nasikia hali chakula. Mama yao naye aliondoka hivyo hivyo, maji, maji, maji."

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Kulwa amekufa. Nusrat aliinuka kutoka kwenye kochi, akasogea mpaka mlangoni, akamtazama yule dume mweupe kama anayemwona marehemu.

"Mzee," Wilhelmina alisema, "tukae tuzungumze. Mimi nitasimama."

Alexander alijaribu. Alisema majina ya Mhoja ni mambo ya uani, hayana maana. Alisema dagaa kila nyumba wapo. Wilhelmina akamjibu kwamba nyumba ya mama Nusrat hawapo, kwa jirani wana vichwa, na hapa wanaondolewa vichwa na kupondwa na ugali kama waliokutwa kwenye bakuli. Akamweleza tumbo lilikuwa tupu. Akamweleza kwamba yeye mzee alipofika asubuhi alimkuta paka ameshakufa, wanawake wote wawili wakaingia ndani, na walipotoka ndipo sumu ikaonekana. Hakuna mwingine aliyebaki peke yake na lile bakuli. Akamweleza figo zilivyokuwa.

"Ulijua tangu mama alipokupigia simu kwamba paka anakunywa maji hovyo. Ulishaliona hilo kwa paka aliyemzaa. Leo mama alipokuambia amekufa ukaja na chakula cha nyumbani kwako, umeshakichanganya."

Mzee alivua miwani.

"Yule mama yao alipokufa, daktari mmoja aliniambia nusu ya watoto hurithi, nisizalishe tena," alisema. "Kulwa nilikuwa nimeshampa mama huyu. Nikabaki na Sultan. Mtazame. Anakula, anacheza, hana tatizo. Kila siku nilijiambia yeye amepona kwenye ile nusu. Sikuthubutu kumpima, maana nikimpima nitajua. Na watoto wake wako kwenye nyumba za watu wote ninaosalimiana nao mji huu. Ningewaambia nini?"

"Ungewaambia wawapeleke kwa daktari," Wilhelmina alisema.

"Sikumuua mnyama. Na sikumtaja Dorotea. Hata siku moja sikumtaja."

"Hukumtaja. Ulimwona anapakiwa kwenye gari la polisi, ukaenda kuchimba shimo."

Nusrat akauliza, kwa sauti ndogo sana, kuhusu yule mtoto wa paka aliyeahidiwa. Alitaka kujua kama naye ana zile figo.

"Sijui," mzee alisema.

"Na ungenipa."

Wilhelmina akamwomba mzee avae viatu.

Alifunguliwa shauri la kutengeneza ushahidi wa uongo na la kumsababishia mtu mwingine kukamatwa. Dokta Pius alimchukua Sultan akampime figo kwa mashine, na Mhoja, ambaye alilia aliposikia Kulwa amekufa, akataja moja baada ya nyingine nyumba zote walikopelekwa watoto. Mkuu wa kituo alilichukua jalada la Dorotea, akalisoma, akalikata mstari. Hilo ndilo lilikuwa jepesi kuliko yote.

Jioni, jua likiwa bado juu ya ziwa, Nusrat alikuwa kwenye benchi la kituo na Mwaija mapajani. Dorotea alipotoka mtoto alinyoosha mikono. Dorotea akampokea, akamweka kiunoni kama kawaida yake, akamfuta makamasi kwa ncha ya khanga. Nusrat aliomba msamaha. Aliomba vizuri, bila kujitetea, mbele ya askari waliokuwa wanasikiliza, na machozi yalikuwa ya kweli. Akasema gari liko nje, waende nyumbani.

Wilhelmina alikuwa ameegemea kaunta. Alitaka sana ijibiwe ndiyo, apate kwenda kulala.

"Nimekusamehe, mama," Dorotea alisema. "Kwa Mungu nimekusamehe. Lakini nyumbani sirudi."

"Dorotea, mtoto huyu ni wako."

"Ni wangu. Ndiyo maana." Alimbusu Mwaija kwenye paji la uso. "Kesho nikimpa uji, utautazama kwanza. Hutataka, lakini utautazama. Na mimi nitakuona unautazama."

Nusrat alijua ni kweli. Dorotea alimrudisha mtoto kwenye mikono ya bibi yake, akalazimika kumbandua vidole kwenye khanga kimoja kimoja, akauliza njia ya mkato ya kwenda Nyakato. Askari wa zamu akamwelekeza. Mwaija aliendelea kulia muda mrefu baada ya yeye kutoka, na hakuna mtu yeyote pale kituoni aliyejua namna ya kumbembeleza.